Ustadhi Mkatoliki: mwongozo kwa mlezi wa vijana anayekwenda Juba

Barua imefika. Parokia fulani ya Juba inatafuta mlezi wa vijana, wale wa miaka kumi na miwili hadi kumi na tisa, awe anajua Kiingereza cha kutosha na Kiswahili cha kuzaliwa nacho. Kwa kuwa uliwahi kuwa katibu wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, kigangoni kwenu na mpaka leo hujaoa, jina lako limetajwa. Hongera. Kabla hujamwambia mama akukaangie maandazi ya safari, keti nikupe mawili matatu. Mwenzio nilikwenda bila kuambiwa.

Nilikwenda na mabegi mawili. La kwanza la nguo, la pili la semina: karatasi za manila zilizoviringishwa, maka peni za rangi nne, na programu ya wiki kumi na mbili niliyoipa jina "Kijana, Imani na Wajibu". Wiki ya kwanza: wajibu ni nini. Wiki ya kumi na mbili: vyeti. Manila ziliishia kuziba dirisha la sakristia mvua zilipoanza, na wiki ya kwanza, nikwambie ukweli, haijaisha hadi leo.

Mpakani

Ukipanda basi Kampala utavukia Elegu, uingie Nimule, na kutoka hapo hadi Juba ni lami, kilomita 192, iliyofunguliwa 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru. Utajiona msafiri mzoefu. Kisha kwenye dirisha la uhamiaji utamwona mvulana wa miaka kumi na minne hivi, mdogo wake mmoja yuko mkono wa kushoto, mwingine ameng'ang'ania shati lake kwa nyuma. Anatoka shule, kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, anarudi kwa shangazi yake Juba. Karatasi za wote watatu ziko kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko uko ndani ya soksi. Wewe bado unauliza foleni inaanzia wapi, yeye ameshagongewa muhuri. Na atakurudia.

"Anko, hapo umeandika jina la baba kwenye sehemu ya pasipoti."

Alinijazia fomu upya, akakagua, akanirudishia kalamu yangu. Ndani ya basi nilitoa programu ya semina nikasoma lengo la wiki ya tatu: kijana aweze kujitegemea katika mambo madogo. Nikaikunja nikairudisha begini, nikalala.

Lugha, na jinsi ya kutosilimu

Juba, mwalimu yeyote ni ustaz. Kwetu ustadhi ni mtu wa madrasa, kanzu na kofia ya mkono, na Mkatoliki akiitwa hivyo lazima ageuke nyuma aone nani kaingia. Usigeuke. Ni wewe. Kiarabu cha Juba ndicho kinachosemwa sokoni, uwanjani na altareni: Mungu ni Rabuna, padri ni abuna, askofu ni matran, na binti wa kwaya akikuita "ya ustaz" hana nia ya kukusilimisha. Itikia tu.

Mtego ni kwamba Kiarabu hicho na Kiswahili chetu wamenyonya ziwa moja. Utasikia kitab, wakit, zaman, sala, kanisa ni kanisa, utadhani umeelewa. Wiki ya pili msichana mmoja aliniambia "mafi mushkila" huku anatabasamu. Mimi nikaidaka ile mushkila, nikajua kuna mushkeli, nikaitisha kikao cha dharura. Walikuja wote, wakaketi, wakanitazama kwa huruma. Alikuwa amesema hakuna tatizo.

Halafu ujue kikundi kimoja kina nchi tatu ndani yake. Wapo waliokulia Khartoum, wanasali kwa Kiarabu kilichonyooka. Wapo waliokulia Kakuma, ile kambi ya Turkana iliyofunguliwa 1992, wanaongea Sheng kuliko utakavyoiweza. Na wapo waliokulia hapahapa, wenye Kibari, Kidinka, Kinuer au Kizande cha nyumbani, na Kiarabu cha mtaani. Kikao kinahitaji wakalimani watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika miaka kumi na minane. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na tangu hapo wakubwa wanazungumzia kuleta Kiswahili mashuleni. Hawa wa Kakuma hawakuwasubiri wakubwa. Ukijaribu kuwatafsiria utaambiwa, kwa adabu kamili, kwamba Kiswahili chako ni kizuri sana ustaz, ila ni cha zamani.

Jambo moja zaidi. Ukiingia mahali wamekaa, mpe mkono kila mtu, mmoja mmoja, hadi yule mdogo wa pembeni. Ukisema "Tumsifu Yesu Kristo" kwa wote kwa jumla halafu ukaketi, umewatukana, na hakuna atakayekwambia.

Wiki ya kwanza

Niliandika WAJIBU kwenye manila, herufi kubwa, wino mwekundu. Nikauliza: nani hapa amewahi kupewa wajibu nyumbani? Nilitegemea waseme kuosha vyombo, nipate pa kuanzia, nipande nao taratibu hadi kwa Mungu.

Msichana wa mstari wa mbele, miaka kumi na sita, akasimama. Yeye analea wadogo wanne na bibi. Mama yuko Wau. Baba hayupo, na Juba neno hilo likishasemwa huachwa lilivyo. Anaamka saa kumi alfajiri kupanga madumu kwenye pampu ya mkono, kwa sababu lori la maji limepandisha bei. Akaketi. Akasimama mvulana wa miaka kumi na mitano, mpiga ngoma wa kwaya: asubuhi shule, jioni anaosha bodaboda mtoni, hela inakwenda ada ya dada yake, maana dada ana kichwa kuliko yeye. Akaketi. Akasimama mwingine. Walipofika kumi na mmoja niliacha kuhesabu.

Mwishoni yule wa kwanza akasimama tena. "Na wewe ustaz, una wajibu gani?"

Nikasema nina mama.

"Unakaa naye?"

Hapana.

"Unamtumia hela?"

Mara nyingine.

Aliandika kitu kwenye daftari. Kumbe ndiye katibu. Alikulia Kakuma, anaandika kila kitu, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mdogo usiopoteza karatasi. Toka siku hiyo, kila mwisho wa mwezi mtu fulani wa kikundi, si lazima yeye, alinipitia na kuniuliza, "Ustaz, umetuma?"

Sasa usiruke upande wa pili ukadhani umekabidhiwa wazee waliovaa kaptura. Hili ndilo kosa la wageni wenye moyo mzuri, na ni baya kuliko la wenye manila. Katibu huyohuyo alilia mchana kutwa kwa kuwa kwaya ya watu wazima iliwahi kununua kitenge cha rangi waliyoitaka wao. Mpiga ngoma aliyesimamia mazishi ya mjomba wake Jumamosi, akahesabu michango na kuwapangia wageni mahali pa kulala, Jumapili alikimbia na kiatu cha mwenzake akakitupa juu ya bati la kanisa. Kwa watoto hawa wajibu uliwahi kufika. Ukomavu unakuja nyuma yake unahema. Mtu ambaye utoto wake ulikatizwa atauokotea popote atakapopata nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo ni kipindi chako. Nami, nikipima sasa, kazi ya maana niliyoifanya Juba ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe wa parokia, nikilinda geti, ili walezi wa familia wenye miaka kumi na mitano wacheze kombolela bila kuitwa na mtu.

Ngazi ya kupandia bati iliazimwa ng'ambo ya pili ya mtaa. Kiatu kilikuwa cha kushoto.

Fedha

Mweka hazina ana miaka kumi na saba. Miezi miwili ya mwanzo nilimshuku wizi, na sababu nilikuwa nayo: kila Jumapili jioni boksi la vijana lilikuwa tupu. Nikaandaa mada ya uaminifu. Nikataka akaunti benki, sahihi tatu, moja yangu. Akanisikiliza, akanichukua hadi sakristia, akainua kitambaa cha meza. Chini yake: sabuni. Miche na miche ya sabuni, imepangwa kama matofali.

"Hela hapa inakufa, ustaz."

Pauni ya Sudan Kusini ilipotoka Julai 2011, dola moja ilikuwa karibu pauni tatu. Leo ni maelfu. Ukiweka sadaka boksini Januari kwa ajili ya ngoma mpya ya Juni, Juni utanunua vijiti vya kupigia. Sabuni haifi. Yeye hupokea matoleo, hukimbia nayo soko la Konyo Konyo kabla jua halijazama, na kikundi kinaweka akiba kwa miche. Ile mada ya uaminifu niliigeuza kuwa mafunzo ya kuandika risiti ya sabuni, na hata hapo alinisahihisha.

Jumapili

Kama kuna somo usilothubutu kulifundisha Juba ni umuhimu wa Jumapili. Mwaka 1960 serikali ya Khartoum iliamua siku ya mapumziko huku Kusini isiwe tena Jumapili bali Ijumaa, kama kaskazini. Waliosimama kwanza hawakuwa wanasiasa. Walikuwa wanafunzi, wa Rumbek na shule nyingine, watoto wa rika hilihili. Waligoma, wakaacha madarasa. Miaka minne baadaye wamisionari wa kigeni wakafukuzwa Kusini kwa mkupuo, na vikanisa vingi vikabaki mikononi mwa makatekista na kijana yeyote aliyejua kusoma. Sasa wewe umekuja na kadi za mahudhurio ya Misa, zenye viboksi vya kugonga muhuri, uwape wajukuu wa wale. Zangu ziligeuzwa karata.

Lakini isikupite pia kwamba kijana anayeweza kugomea serikali kwa ajili ya Jumapili anaweza kuigomea Jumapili yenyewe. Timu ya kikapu ya nchi hii ilipokwenda Olimpiki ya Paris 2024, wiki moja na kidogo kabla ilikuwa imewatoa Wamarekani jasho kule London, 101 kwa 100. Mechi ya kwanza ya Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico, ikapangwa Jumapili tarehe 28 Julai, saa tano asubuhi. Misa ya vijana huanza saa tatu, na abuna wetu akipanda mimbarini hana saa. Ijumaa katibu alipeleka barua, imegongwa muhuri wa kikundi, ikiomba "kwa moyo wa kitoto" homilia iwe fupi. Abuna alijibu kwa maandishi kwamba Roho Mtakatifu hapigiwi filimbi.

Misa iliisha saa nne na dakika arobaini. Sikuuliza.

Kule Lille, mechi ilikochezwa, waandaaji wakakosea, wakaanza kupiga wimbo wa taifa wa Sudan. Wakubwa waliokuwa wakitazama nasi ukumbini Juba waliganda. Mtu aliyezika ndugu zake chini ya wimbo ule hahitaji kuusikia asubuhi ya furaha. Vijana wao wakaanza wa kwao wenyewe, mbele ya televisheni, na uwanjani waliporekebisha, ukumbini tulishafika mbali. Sudan Kusini ilishinda 90 kwa 79. Kwa wiki tatu katekesi ilifundishwa kwa watu waliobeba mpira, na nilipouliza Nafsi ya Tatu ya Utatu ni nani, kuna aliyenijibu Carlik Jones.

Hija

Februari 2023 Papa Fransisko alifika Juba pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury Justin Welby na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland. Kabla yao waliingia vijana wa Rumbek, waliotembea kwa miguu siku tisa, wakiongozwa na askofu wao, Christian Carlassare, mtu aliyepigwa risasi miguu yote miwili Aprili 2021 hata kabla hajapewa uaskofu. Wewe na mimi hatukuwepo. Watoto wa parokia yangu walikuwepo, barabarani, wanawaona wenzao wakiingia mjini vumbi tupu na wanaimba, na tangu hapo hija isiyochubua vidole hawaihesabu.

Kwa hiyo wakikwambia hija ya mwaka huu ni karibu, uliza kwa kilomita. Neno lao ni gerib, ndugu wa karibu yetu, na kama karibu yetu halina kipimo. Tulivuka daraja la Nile, tukaipita Gumbo, tukaendelea. Mimi nilivaa viatu vya kanisani. Palipobaki pakavu kwenye nyayo zangu ni katikati tu. Watoto wa kikundi cha St. Kizito, wa miaka minane na tisa, walinipita wakiimba, wakanipita tena wakirudi kuona kama bado naja. Msichana mmoja alinivulia ndala zake, za waridi, akaendelea peku. Nilimaliza hija nyuma ya bodaboda, nimeshika msalaba, kwa sababu walisema mtu wa bodaboda lazima awe na kazi.

Vidogo viwili kabla ya kikubwa

Usipange mafungo Machi. Mwaka 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima mwezi huo kwa ajili ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45.

Na msichana asipoonekana Jumapili mbili mfululizo, usiandike "mtoro" kwenye orodha yako. Mwulize katibu, faraghani. Atajua kama ni malaria, kama ni bibi, au kama kuna wajomba wameonekana nyumbani kwao wakizungumza ng'ombe wa mahari. Ikiwa ni ng'ombe, mwite abuna, mwite mama wa Legio ya Maria mwenye sauti kubwa kuliko wote, na wewe kaa kimya; wewe ni mgeni na hujaoa. Mmoja tulimpata kwa njia hiyo. Mmoja hatukumpata.

Sukari

Januari 2025 jeshi la Sudan lilipourudisha mji wa Wad Madani, zikasambaa video za watu wa Sudan Kusini wakiuawa huko. Juba nzima iliziona kwenye simu. Usiku wa tarehe 16 maduka ya Wasudani yakavunjwa na kuporwa. Kesho yake ikatolewa amri watu wasitembee kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wiki iliyofuata Facebook na TikTok zikazimwa kwa siku kadhaa. Wafanyabiashara wengi wa Kisudani walikimbilia vituo vya polisi.

Jumapili ile, tarehe 19, tulikutana mchana kwa sababu ya amri. Mpiga ngoma alichelewa. Aliingia amebeba kitu kilichofungwa kwenye fulana, akakiweka sakafuni katikati yetu, akafungua. Sukari, kilo tano hivi. Hakusema neno, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Mlezi mwenye akili angesubiri. Mimi nikafungua Luka sura ya 19 nikawasimulia Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Nilisimulia vizuri, na mikono pia. Mweka hazina alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni kilo ishirini," akasema.

"Na kabla ya hapo nusu ya mali kwa maskini," akaongeza mmoja wa Kakuma. "Ustaz, soma mstari wote."

Kilo ishirini hakuna aliyekuwa nazo, nami nikiwemo. Halafu mvulana mmoja ambaye huwa haongei akasema binamu yake alikuwa Madani, na simu yake haipatikani, na yeye haoni kwa nini sukari ile isiliwe leo, hapa, na watu wote. Nilitafuta neno. Nimesoma vitabu, nimehudhuria kozi Morogoro, sikulipata.

Kikundi chetu kiko chini ya Mtakatifu Josephine Bakhita. Sikukuu yake ni tarehe 8 Februari, wiki tatu mbele, na kitenge kilikuwa kimeshashonwa. Kila mtoto pale anajua habari zake kuliko za bibi yake: alizaliwa karibu mwaka 1869, akatekwa angali mdogo, akauzwa na kuuzwa tena, akafia utawani Italia 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Katibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari, akamwuliza mpiga ngoma, "Mwenye duka ni mtu wa wapi?"

"Darfur," akasema.

Bakhita ni wa Darfur. Nilingoja katibu aliseme hilo, alikamilishe, kama ningelikamilisha mimi. Aliandika "Darfur", akapiga mstari chini, akauliza kama kuna ajenda nyingine.

Walitumwa watatu, mchana kweupe. Mlango wa duka ulikuwa umeng'olewa na bawaba zake. Mwenyewe alikuwa kituo cha polisi, na polisi hawakuwaruhusu kumwona. Nje ya duka alibaki mama wa chai na jiko lake la mkaa, akaipokea sukari kama amana. Wiki zikapita. Sikukuu ikapita, vitenge vikavaliwa. Mwenye duka hakurudi. Mama wa chai, na simlaumu, sukari ilimwishia sokoni na kwake, akaitia ile kwenye birika, kilo kwa kilo, na kila kilo akaweka hela yake kwenye kopo kwa bei ya siku hiyo. Mtu mwaminifu kabisa. Duka lilipofunguliwa tena, Aprili, hela ya kopo ilinunua kilo tatu na kidogo.

Mweka hazina akapiga hesabu. Akachukua miche kumi ya sabuni ya ngoma mpya akaiuza. Kilo tano zikatimia. Ile mara nne tuliiacha. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, lakini hakuwahi kutozwa na pauni ya Sudan Kusini.

Safari hiyo nilikwenda nao, kwa udadisi zaidi kuliko ulezi. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba, ana mizani mpya. Akaipima sukari, taratibu, akatoa chembe za juu kwa kiganja, akaridhika. Kisha akainua macho akamtazama mpiga ngoma, akasema kwa Kiarabu chepesi ambacho hata mimi nilikielewa: na mafuta?

Madumu matatu ya mafuta ya kula.

Mvulana alitazama ndala zake. Mafuta hakuchukua yeye. Lakini aliyechukua anamjua, na mzee aliona kwamba anamjua, na sote tukaona kwamba ameona. Tulirudi bila kuongea hadi getini. Mpaka naondoka Juba dumu moja lilikuwa limerudi. Sikuambiwa lilirudije.

Kuondoka

Utatakiwa kuandika ripoti. Wafadhili wa semina wanataka namba: vijana wangapi, vipindi vingapi, vyeti vingapi. Mimi sikuwa na namba, nikamwomba katibu daftari nikanakili. Alisita kidogo, akanipa.

Kila kikao kilikuwa na ajenda ya mwisho, na ajenda hiyo ilikuwa moja toka wiki ya kwanza: "Ustaz". Kipindi cha manila: "Ana mama. Hakai naye. Akumbushwe kutuma, zamu kwa zamu." Kikao cha mafi mushkila: "Hajaelewa. Asichekwe mbele yake." Baada ya hija: "Viatu vyake si vya hapa. Wawili wamtembelee na chumvi ya kuloweka miguu." Baada ya siku ya Zakayo: "Anaongea sana akiogopa." Baada ya safari ya dukani: "Leo hakusema kitu. Anaendelea vizuri."

Ya mwisho ilikuwa na tarehe ya juzi yake: "Anaondoka Alhamisi. Mzigo bado hajui kubeba kichwani. Atafutiwe mtoto wa kumpeleka hadi kituo cha basi, na amsaidie kujaza fomu."